Vikabichi vya Brussels katika Bustani ya Nyumbani: Mwongozo kwa Kaya za Uwanda wa Ufipa

Majira ya kipupwe yanapoingia Sumbawanga, mvua hukoma, upepo wa kusini-mashariki huvuma, na usiku wa Juni na Julai huwa wa baridi. Wengi huyahesabu majira haya kuwa ya kupumzisha ardhi. Hata hivyo, kwa mboga za jamii ya kabichi, hali hii ya hewa ni neema ambayo mikoa mingi ya nchi yetu haina. Makala haya yanaeleza namna ya kuitumia neema hiyo kwa kupanda vikabichi vya Brussels, mboga ambayo bado ni ngeni katika bustani nyingi za nyumbani.

Shabaha yetu si kumshawishi kila mlaji aipande. Mboga ngeni huja na gharama ngeni: mbegu isiyopatikana katika kila duka, maji ya miezi kadhaa ya kiangazi, na kishawishi cha kunyunyizia dawa bila kujua siku za kusubiri. Kaya inayozijua gharama hizo mapema itaamua kwa haki, ama kupanda, ama kubaki na kabichi na sukuma wiki ilizozizoea.

Mmea wenyewe

Vikabichi vya Brussels ni vichwa vidogo vya kabichi, kila kimoja kikiwa na upana wa sentimita 2.5 hadi 4, vinavyoota kwa wingi kwenye shina moja refu. Kila kikabichi huchipua katika kwapa la jani, yaani pale jani linapoungana na shina. Jina lake latokana na jiji la Brussels, Ubelgiji, kwani ni kutoka maeneo ya huko kilimo chake kilikoenea Ulaya.

Kwa asili, mmea huu ni wa spishi moja na kabichi, sukuma wiki, koliflawa na brokoli. Kwa hiyo aliyewahi kulima kabichi amekwisha kujua sehemu kubwa ya kazi. Undugu huo una upande wa pili pia: wadudu na magonjwa ya kabichi ndiyo wadudu na magonjwa ya vikabichi.

Kwa nini uwandani, wala si bondeni

Mmea huu hustawi vizuri zaidi pale joto la wastani linapokuwa kati ya nyuzi 15 na 18 za Selsiasi. Joto likizidi, vikabichi havifungi. Hufunguka kama ua, huwa laini na hupata uchungu. Baridi huvifanya vikaze na kuwa na utamu.

Kwa kawaida hewa hupoa kwa takribani nyuzi sita kila tunapopanda mita 1,000. Mwambao wa Ziwa Tanganyika na Bonde la Ziwa Rukwa viko karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari, ilhali Uwanda wa Ufipa umeinuka kwa zaidi ya mita 1,500, na safu ya Mbizi hupita mita 2,000. Ndiyo sababu bustani iliyoko Sumbawanga mjini au katika vijiji vya uwandani yaweza kufaulu, wakati bustani ya Kirando au Kasanga, ingawa imo katika mkoa huohuo, haina matumaini makubwa. Msomaji wa bondeni asitumie fedha yake kwa mbegu hii.

Piga hesabu kwanza

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Tuchukue tuta moja la upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 6. Kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 60, tuta hilo hubeba miche 20. Mche ulioshamiri hutoa takribani nusu kilo hadi kilo moja, hivyo mavuno yatakuwa kati ya kilo 10 na 20.

Tuta hilohilo likipandwa kabichi 20 zenye uzito wa kilo moja na nusu hadi tatu kila moja, litatoa kilo 30 hadi 60, tena kwa muda mfupi zaidi. Likipandwa sukuma wiki, uchumaji wa majani huanza baada ya wiki chache na kuendelea kwa miezi mingi.

Maji nayo yana hesabu yake. Bustani ya mboga wakati wa kiangazi huhitaji takribani lita 25 kwa kila mita ya mraba kwa wiki. Tuta letu lina mita za mraba 7.2, hivyo huhitaji lita 180, sawa na ndoo tisa za lita 20 kila wiki. Kuanzia mwanzo wa Mei hadi katikati ya Septemba kuna wiki 19, yaani ndoo zipatazo 170. Kaya inayonunua maji na izidishe idadi hiyo kwa bei ya ndoo mtaani kwake kabla ya kununua mbegu. Yenye kisima au inayotumia maji yaliyosuuzia mboga na nafaka itaona nafuu.

Kutokana na hesabu hizi, ushauri wetu ni huu: ikiwa lengo ni kushibisha familia, kabichi na sukuma wiki zitangulie. Vikabichi vya Brussels vipandwe kwa kiasi kidogo kwa ajili ya kubadilisha mlo, au kwa ajili ya mnunuzi aliyekwisha kuahidi, kama vile hoteli au mgahawa. Usipande eneo kubwa kwa tumaini la kwamba soko litajitokeza lenyewe.

Kununua mbegu

Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 inataka mbegu inayouzwa iwe imethibitishwa ubora. Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu Tanzania, yaani TOSCI, yenye makao makuu Morogoro, ndiyo yenye jukumu hilo. Unapokuwa katika duka la pembejeo, shika pakiti mkononi na uangalie mambo haya:

1. Pakiti ni ya kiwandani, haijafunguliwa wala kupimwa upya kwa kijiko.
2. Jina la zao na la aina ya mbegu limeandikwa wazi, pamoja na namba ya kundi la uzalishaji.
3. Kiwango cha uotaji na tarehe ya kupimwa au ya mwisho wa matumizi vinasomeka.
4. Lebo ya uthibitisho ipo. Ikiwa ina sehemu ya kukwangua, ikwangue na ufuate maelekezo yaliyoandikwa hapo ili kuhakiki.

Gramu moja ya mbegu hii ina punje zaidi ya 200. Kwa tuta la miche 20, pakiti ndogo kabisa yatosha. Usikubali kuuziwa kopo zima. Ikiwa duka la mjini halina mbegu, muulize muuzaji kama aweza kuagiza kwa kampuni iliyosajiliwa. Usiagize mwenyewe kwa posta, wala usivushe pakiti mpakani bila kibali cha afya ya mimea: bakteria wa uozo mweusi husafiri ndani ya mbegu, na bustani yako moja yaweza kuwa chanzo cha hasara kwa wakulima wa kabichi wa kijiji kizima.

Kabla ya kusia, pima uotaji. Tandaza punje 20 juu ya kitambaa chenye unyevu, zikunje, uziweke mahali pa uvuguvugu, na uzihesabu baada ya siku saba. Zikiota 16 au zaidi, mbegu ni nzuri. Zikiota chini ya 10, irudishe pakiti dukani pamoja na risiti.

Usitarajie kujiwekea mbegu yako mwenyewe. Mmea huu huchanua katika mwaka wake wa pili, baada ya kupitia majuma kadhaa ya baridi kali, na mbegu ya chotara haizai mmea ulio sawa na mzazi wake.

Kitalu

Sia mbegu katikati ya Machi, ili miche iwe tayari mwishoni mwa Aprili na mmea ukue katika miezi ya baridi. Anayechelewa hadi Juni atavuna Oktoba, wakati joto limekwisha kurudi, na vikabichi vyake havitafunga.

Chagua mahali ambapo kabichi haikuoteshwa karibuni. Changanya udongo laini na mboji iliyooza vizuri, chora mistari yenye nafasi ya sentimita 10 hadi 15, na ufukie mbegu kwa kina cha sentimita moja. Funika kwa nyasi kavu hadi mbegu zitakapoota, ambayo huwa siku ya tano hadi ya kumi, kisha ondoa nyasi na uweke kichanja cha kivuli chepesi. Mwagilia asubuhi, kwa kiasi. Unyevu uliozidi pamoja na msongamano wa miche huleta kinyausi, ugonjwa unaokata mche shingoni na kuulaza chini kwa usiku mmoja. Miche ikifikisha majani mawili ya kweli, ipunguze ibaki umbali wa vidole vitatu.

Wiki moja kabla ya kuihamisha, ondoa kivuli na upunguze maji ili miche izoee jua.

Kuandaa tuta na kupandikiza

Wafipa wana ujuzi wa tangu zamani wa kugeuza nyasi na kuzifukia ndani ya vilima vidogo vya udongo mwishoni mwa mvua, ili zioze na kuilisha ardhi ya msimu ujao. Hekima hiyo yatufaa hapa, ila kwa badiliko moja. Vikabichi vya Brussels havipendi udongo uliotifuka. Mizizi yake inataka kushika ardhi iliyoshikamana. Kwa hiyo fukia nyasi na samadi mapema, walau wiki nne kabla, kisha uache tuta litulie.

Tumia ndoo moja ya lita 20 ya samadi iliyooza kwa kila mita mbili za mraba. Samadi mbichi huunguza miche na hubeba vimelea vya magonjwa hadi kwenye chakula, isitumike. Kama udongo wako una uchachu mwingi, ongeza chokaa ya kilimo mapema, kwa ushauri wa afisa ugani. Uchachu hustawisha uvimbe wa mizizi, ugonjwa unaokaa ardhini kwa miaka mingi bila tiba.

Pandikiza jioni, miche ikiwa na majani manne hadi sita na kimo cha kiganja. Panda hadi karibu na majani ya chini, shindilia udongo kwa mikono, kisha vuta jani moja taratibu: jani likichanika na mche ukabaki, umeshindilia vya kutosha, mche ukichomoka, rudia. Kwa kuwa upepo wa uwandani ni mkali, chomeka mambo kando ya kila mche utakapofikia kimo cha goti, na upandishie udongo kwenye shina.

Matunzo

Baada ya wiki tatu, weka kijiko kimoja cha chai cha mbolea ya CAN kuzunguka kila mche, umbali wa kiganja kutoka kwenye shina, kisha umwagilie. Rudia wiki ya saba. Usizidishe. Naitrojeni nyingi hukuza majani makubwa na kuacha vikabichi vikiwa vilegevu, na fedha yako itakuwa imeishia kwenye majani.

Tandaza nyasi kavu ili kuhifadhi unyevu, na umwagilie kwa kina mara mbili au tatu kwa wiki badala ya kunyunyiza kidogo kila siku. Majani ya chini yakigeuka manjano, yaondoe ili hewa ipite. Vikabichi vya chini vikifikia ukubwa wa punje ya mahindi au kuzidi kidogo, unaweza kukata kilele cha mmea. Nguvu iliyokuwa ikipanda juu itarudi kukuza vikabichi kwa pamoja.

Wadudu na magonjwa

Sota hukata miche usiku. Fukua udongo kuzunguka mche uliokatwa asubuhi, nawe utamkuta amejikunja, muue. Vidukari hujikusanya chini ya majani na kujipenyeza ndani ya vikabichi. Vioshe mapema kwa maji ya sabuni, kabla vikabichi havijafunga, kwani wakishaingia ndani hakuna kinachowafikia.

Adui mkuu ni kiwavi mdogo wa kijani wa nondo wa kabichi, anayetoboa majani na kuyaacha kama ungo. Nondo huyu anajulikana duniani kote kwa kuzoea dawa: ile iliyomuua mwaka huu huenda isimdhuru mwaka kesho. Kwa tuta la miche 20, ukaguzi wa mara mbili kwa wiki na kuokota kwa mkono vyatosha. Chandarua chenye matundu madogo kikitandwa juu ya fito tangu siku ya kupandikiza huzuia nondo asitage.

Uozo mweusi hujulikana kwa madoa ya manjano yenye umbo la V yanayoanzia pembeni mwa jani, na mishipa iliyogeuka myeusi. Hauna dawa. Ng'oa mmea, uchome moto, na usipande jamii ya kabichi, ikiwamo figiri na kabichi ya Kichina, mahali hapo kwa miaka mitatu. Badala yake panda maharage, karoti, vitunguu au mahindi.

Viuatilifu na siku za kusubiri

Hapa ndipo afya ya familia inapohusika moja kwa moja, nasi twamwomba msomaji asipapite haraka. Kila kiuatilifu kina idadi ya siku zinazopaswa kupita kati ya kunyunyizia na kuvuna. Kwa kabichi, inayovunwa mara moja, ni rahisi kuzitimiza. Vikabichi vya Brussels huchumwa kidogo kidogo kila wiki kwa mwezi mzima au zaidi. Ikiwa lebo yasema siku 14 nawe umenyunyizia leo, basi michumo miwili ijayo haipo. Mtu mwenye tuta lililoiva na wageni mlangoni atashawishika kuchuma. Njia ya salama ni kukata shauri mapema: mara uchumaji unapoanza, unyunyiziaji wa dawa za sumu ukome.

Ikiwa hapana budi kunyunyizia kabla ya hapo, nunua kiuatilifu kilichosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, yaani TPHPA, kikiwa katika chupa yake ya asili. Dawa iliyomiminwa katika chupa ya soda haina lebo, haina siku za kusubiri, na imekwisha kusababisha maafa kwa watoto wanaodhani ni kinywaji. Soma rangi ya ukanda ulio chini ya lebo: nyekundu ni sumu kali kabisa, ikifuatiwa na njano, kisha bluu, na kijani ndiyo yenye madhara madogo kuliko zote. Kwa bustani iliyo karibu na jiko, nyekundu na njano hazina nafasi.

Tusidanganyike kwamba kuosha kunatosha. Maji huondoa vumbi na sehemu ya dawa iliyo juu ya jani. Dawa iliyopenya ndani ya mmea haitoki kwa kuoshwa.

Kuvuna na kupika

Uvunaji huanza siku 100 hadi 130 baada ya kupandikiza, kwa kawaida Agosti. Vikabichi vya chini hukomaa kwanza. Chuma vile vilivyo vigumu vikibonyezwa, kwa kuvizungusha na kuvivunja, ukipanda juu wiki hadi wiki. Visivyohitajika leo viache shinani. Shina ni ghala bora kuliko kapu. Vilivyochumwa hukaa takribani wiki moja mahali pa baridi, vikiwa havijaoshwa. Majani ya kileleni nayo huliwa kama sukuma wiki.

Loweka vikabichi katika maji ya chumvi kwa dakika kumi ili wadudu watoke, suuza, kata kitako na uondoe majani ya nje. Chemsha kwa dakika tano hadi saba tu. Vikizidi hapo hutoa harufu nzito na hupoteza vitamini C, ambayo ni fahari yake kubwa. Baadaye vikaange kwa kitunguu na nyanya, au uviunge kwa karanga. Vinaendana vizuri na ugali na migebuka. Mgonjwa anayetumia dawa ya kuzuia damu isigande, kama vile warfarin, amweleze daktari wake kabla ya kuongeza mboga hizi mlinganoni, kwa kuwa zina vitamini K nyingi.

Haki yako inapovunjwa

Ukiuziwa mbegu isiyoota au iliyo tofauti na lebo, usiitupe pakiti. Tunza pakiti, punje zilizobaki, risiti ya kielektroniki na picha za kitalu. Anza kwa muuzaji, kisha afisa ugani wa kata. Suala la mbegu hufikishwa TOSCI. La viuatilifu, TPHPA. La mbolea, Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania, yaani TFRA. Udanganyifu katika biashara hufikishwa pia kwa Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Bila risiti na pakiti, malalamiko ya haki hubaki kuwa neno la mtu mmoja dhidi ya mwingine. Kwa hiyo dai risiti hata kwa pakiti ya bei ndogo.

Kwa kumalizia

Anza na miche 20 mwaka wa kwanza. Andika tarehe ya kusia, ndoo za maji, gharama za pembejeo na kilo ulizochuma. Mwezi Septemba, ukiwa na daftari mkononi, utaweza kuamua wewe mwenyewe iwapo tuta hilo lirudie vikabichi katika sehemu nyingine ya bustani mwakani, au lirudi kuwa la maharage. Uamuzi wowote utakaoufanya kwa hesabu zako mwenyewe utakuwa bora kuliko ushauri wa muuzaji yeyote wa mbegu.